Wakili wa Tajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi alikuja kijana mmoja wa mji huu, akangoja mpaka watu wakatawanyika, kisha akaniuliza, "Sheikh, kazi yangu ni halali au ni haramu?" Kijana huyu amesomea sheria akawa wakili, na ofisi aliyomo kazi yake ni kuwatetea matajiri wanaposhitakiwa na wafanyakazi wao. (Nasema matajiri kwa maana ya lugha yetu, kwani aliyekuandika kazi ni tajiri wako hata akiwa na duka la mlango mmoja.) Ami yake, mtu aliyechukua magunia bandarini umri wake wote, amekataa kunywa hata chai nyumbani kwake. Asema chai ile imetiwa jasho la wenziwe.

Nilimwambia asubiri, nami nikarejea vitabuni, kwa kuwa jambo hili si la kujibiwa kwa hasira za ami wala kwa haya za kijana.

Ama uwakili katika khusuma, sharia yetu imeuruhusu. Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.), pamoja na ilimu yake na ufasaha wake, alikuwa akichukia kuhudhuria khusuma mwenyewe, akimweka nduguye Akil awe wakili wake, na Akil alipokuwa mzee akamweka Abdalla bin Jaafar, mwana wa nduguye. Wala sharia haikusema kuwa mwenye mali hana haki ya kutetewa. Yuko mtumishi anayeiba dukani, na yuko anayeacha kazi kwa hiari yake kisha akadai kuwa amefukuzwa. Maskini naye husema uwongo, ndugu zangu, na umaskini wake haumfanyi kuwa shahidi mwadilifu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu bila ya kumpendelea tajiri kwa utajiri wake wala fakiri kwa ufakiri wake. Basi anayesema kuwa kazi yote ya kijana huyu ni haramu, huyo amepita mpaka.

Walakini sikuridhika. Nikamwuliza, "Ni kesi gani iliyokuleta kwangu usiku?"

Akanieleza. Bawabu mmoja amefukuzwa kazi baada ya miaka mingi, kwa neno la siku moja. Na sheria ya serikali, ile Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41 yamtaka tajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenziwe wa kazi au mjumbe wa chama chao awe pale akisikia, kisha naye asikizwe. Kifungu cha 43 chamtaka tajiri athubutishe sababu hiyo. Asipoweza, mahakama yaweza kumtoza hata mishahara ya miezi 12. Bawabu huyu hakuitwa, hakuelezwa, hakusikizwa. Sasa tajiri ameleta karatasi yenye habari za kikao ambacho hakikukaliwa, imeandikwa juma lililopita na kutiwa tarehe ya zamani, na mkubwa wa ofisi amwambia kijana, "Ipeleke mahakamani, kazi yetu ni kutetea, si kuchunguza."

Hapa ndipo penye moto. Wafasiri wamehadithia kuwa mtu mmoja wa Bani Ubayriq, katika mji wa Madina, aliiba deraya, akamsingizia Yahudi. Jamaa zake wakaenda kwa Mtume (S.A.W.) wakamtetea kwa maneno mazuri, hata ikakaribia mtu asiyekuwa na hatia kuonekana mwivi. Ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha aya ya 105 na zinazoifuata katika sura hiyo hiyo, akimkataza Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini, na akawauliza wale jamaa: mmemtetea hapa duniani, ni nani atakayemtetea Siku ya Kiyama? Tazameni, aliyedhulumiwa alikuwa Yahudi na mdhalimu alikuwa akijiita Mwislamu, na Qur'ani ikashuka kumtetea Yahudi. Leo sisi tukisikia kesi, swali letu la kwanza ni, "Huyu ni wa nani?"

Na iko hadithi ya Ummu Salama katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (S.A.W.) amesema kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alivyosikiwa, na atakayepewa hivyo haki ya nduguye amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haikuwa ikiigeuza haramu kuwa halali, basi hukumu ya Mahakama ya Ajira itaigeuzaje?

Nikamwambia kijana: karatasi ile usiiguse. Lakini usiache uwakili kwa pupa. Wakili wa mfanyakazi akimwambia tajiri, "Umedhulumu," tajiri hukasirika. Wewe ukimwambia mlango umefungwa, hukusikiliza, kwa sababu amekulipa umwambie. Mwambie asuluhishe na amlipe mtu wake. Asipokubali, mrudishie faili lake. Na kesi zile za kuahirishwa mara kwa mara ili mtu achoke, au za kumtia mtu kidole karatasi asiyoweza kuisoma ya kwamba amepokea haki zake zote, hukumu yake ni moja na hiyo.

Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Sheikh, na faili la madrasa je?"

Naandika haya kwa aibu. Madrasa ambayo mimi ni mmoja wa kamati yake ilimwondoa mwalimu mzee, aliyefundisha watoto wetu kwa ujira ambao hata kibarua wa siku asingeukubali. Alipodai, kamati ilimwendea kijana huyu atutetee bila ya malipo, kwa ajili ya thawabu! Nami nalikuwapo katika kikao kile, na sikusema neno. Twahutubu mimbarini kuwa mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na jasho la mwalimu yule lilikuwa limekauka miaka mingi.

Ijumaa iliyofuata niliwakusanya wanakamati. Mmoja alisema mali ya madrasa ni wakfu, haitoki. Nikamjibu kuwa wakfu hauli haki ya mtu, na ikiwa hazina haitoshi, mifuko yetu ipo. Wawili walitoka kwa hasira. Waliobaki walikubali kulipa kwa mafungu matatu. Mawili yameshalipwa, na la tatu limo katika deni langu na la wenzangu hadi mwisho wa mwezi huu. Kijana ndiye aliyeyaandika mapatano, kwa Kiswahili, akamsomea mwalimu neno kwa neno kabla hajatia sahihi. Ami yake alikuwa shahidi.