Ile Karatasi ya Ndani ya Boksi

Wanangu mlioko Ulaya, nawajua. Mkitoka duka la dawa mnachomoa vidonge, na ile karatasi ya maelezo, iliyokunjwa ikakunjwa tena, inaishia kwenye pipa kabla chai haijapoa. Siwagombezi. Herufi zake ni za kusomwa na sisimizi, na ukifika kwenye orodha ya madhara tumbo linaanza kusokota hata kidonge hujakigusa. Wenyeji nao wanaitupa vilevile.

Lakini karatasi hiyo imelipiwa, tena kwa bei mbaya. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo Contergan iliingia sokoni Ujerumani Magharibi. Ndani yake mlikuwa na thalidomaidi. Iliuzwa bila cheti cha daktari, ikinadiwa kuwa haina madhara, na wajawazito wakaipokea kwa mikono miwili kwa sababu iliwatuliza kichefuchefu. Kisha watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi, wengine bila mikono kabisa. Iliondolewa Novemba 1961, baada ya Widukind Lenz, daktari wa watoto wa Hamburg, kupiga kelele. Duniani kote walioathirika wanakadiriwa kuzidi watoto 10,000.

Ungedhani baada ya hapo hakuna mama ambaye angefichwa tena. Wapi!

Chukueni valproati. Ni dawa nzuri ya kifafa, imewarudisha wengi kwenye maisha yao. Ila tangu miaka ya 1980 waganga walijua inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni: katika kila watoto 100 wa akina mama walioitumia wakiwa wajawazito, kama 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 huweza kuchelewa kutembea, kusema au kujifunza. Septemba 2017 Shirika la Dawa la Ulaya, lilipokuwa bado London, liliitisha kikao cha hadhara, cha kwanza tangu lianzishwe, na akina mama wakasimama kusema kwamba hawakuambiwa. Habari ilikuwepo, lakini chumvi iliyobaki mkebeni haikolezi mchuzi. Daktari aliogopa kumtisha mgonjwa, mgonjwa akaona haya kumchosha daktari mwenye foleni mlangoni, na kila mmoja akadhani mwenzake keshasema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya. Mwaka 2018 ikaamriwa alama ya onyo juu ya boksi, kadi ya mgonjwa, na mazungumzo na daktari bingwa angalau mara moja kwa mwaka. (Anayeitumia asiiache ghafla kwa sababu ya maneno yangu, kifafa hakina mzaha. Aende kwa daktari wake.)

Sasa, kama uvivu umekushika, na najua umekushika, soma sehemu ya 2 tu. Karatasi hizo hupangwa kwa sehemu sita zilezile katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na ya 2 ndiyo inayosema nani asiitumie, na dawa gani zisichanganywe nayo. Mitishamba ya shangazi iliyokuja ndani ya begi nayo ihesabu. Ukikutana na pembetatu nyeusi iliyopinduliwa, usikimbie: maana yake dawa hiyo bado inaangaliwa kwa jicho la karibu zaidi. Lugha ikikushinda, mfamasia yupo kaunta, na kumuuliza ni bure.

Na ukipata upele, kizunguzungu, jambo lolote usilolielewa, usiende kulimalizia kwenye kundi la WhatsApp. Tangu 2012 mgonjwa mwenyewe, katika nchi yoyote ya Umoja, anaweza kuripoti madhara kwa mamlaka ya dawa bila kumpitia daktari, na ripoti yake huingia pamoja na za madaktari katika hifadhi moja ya Ulaya nzima. Watakuuliza jina la dawa, ulianza lini, unatumia nini kingine, na namba ya toleo. Namba hiyo imechapwa kwenye boksi, kwa hiyo msiwe wepesi wa kulitupa kabla vidonge havijaisha.