Suti ya Diani katika Maji ya Landless

Kijana wa kisa hiki alikuwa mkazi wa Landless, Thika, na kupiga mbizi alijifunzia Diani. Hamu ya kazi hiyo ilimwingia mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni tarehe 29 Septemba, likazama na mama na mtoto wake. Nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni hadi tarehe 11 Oktoba, gari lile lilipotolewa kutoka kina cha mita 58. Kijana akajiuliza: na sisi wa bara tukizama, nani hututafuta?

Lilikuwa swali la haki. Ukanda wa Thika, Juja na Ruiru umechimbwa mawe ya kujengea kwa miaka mingi. Mafundi wa Nairobi wanalijua vizuri jiwe la Ndarugo. Kwari ikishaachwa, mvua za masika huijaza, na watoto hawakawii kuigeuza mahali pa kuogelea. Mtu akizama humo, mara nyingi wa kwanza kuingia kumtafuta ni kijana wa mtaani aliyebana pumzi tu. Basi huyu wetu akadunduliza, akapata cheti, akanunua mtungi wa hewa, reguleta na suti fupi ya neoprini ya milimita 3. Suti kama hiyo ndiyo aliyoivaa pwani, ambako maji huwa kati ya nyuzi 25 na 29 karibu mwaka mzima. Kwa Diani ilimtosha kabisa.

Akaitwa mwezi wa Julai. Mtu alikuwa amezama kwenye kwari ya zamani. Gathano, msimu wetu wa baridi, ilikuwa imekolea, ukungu hauondoki hadi saa nne, na watu waliojaa ukingoni walikuwa wamejifunika makoti na maboshori. Aliyeshika kamba alikuwa mzee mmoja aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji. Akayatazama magoti na mikono ya kijana, yote wazi.

"Kijana wangu, hayo mavazi ni ya wapi?"

"Ya Diani, mzee. Nimeyazoea."

"Umevalia maji ya juu. Ya chini utayavalia nini?"

Kijana akatumbukiza mkono majini, akayaona ya vuguvugu, akatabasamu. Hapo ndipo alipopotea. Asubuhi ya baridi, mkono uliotoka kwenye hewa ya nyuzi 13 utayaona maji ya nyuzi 20 kuwa ya kuoga. Lakini maji huupokonya mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Nyuzi 20 za barazani humfanya mtu avue sweta. Nyuzi 20 za majini, kwa mtu aliyetulia, humtetemesha kabla ya saa kwisha.

Akashuka mita 14. Hakuona hata kiganja chake, kwa kuwa maji ya kwari ni tope tupu, na msako wake ni wa kupapasa: unalala chini, unasogea polepole, unahisi kwa vidole. Mtalii wa Diani hupiga miguu akifuata samaki na mwili wake ukajipasha. Msakaji hana mwendo wa kumpasha joto.

Na suti yenyewe ilikuwa imekonda. Joto la suti ya neoprini linatunzwa na vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira, na shinikizo la maji huviminya. Baharini shinikizo huongezeka maradufu ukifika mita 10. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo maradufu hiyo unaifikia hata kabla ya mita 9. Milimita 3 alizonunua zilikuwa zimepungua karibu nusu pale alipozihitaji zaidi.

Kilichoanza kubadilika ni pumzi: fupi fupi, za haraka, zikiumaliza mtungi upesi kuliko alivyopiga hesabu. Kisha vidole. Alitaka kubonyeza kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi lake, akakipapasa, asijue kama ameshika kitufe au mkanda. Akajaribu kifungio cha mshipi wa risasi. Vidole vilikuwa pale lakini havikumtii. Juu, mzee alivuta kamba mara moja kama walivyokubaliana. Hakujibiwa. Akavuta tena, kimya. Akaanza kumpandisha, taratibu, mita baada ya mita.

Kijana alitoka midomo imegeuka rangi ya majivu, maneno yakimkwama kinywani, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba anarudi chini. Msomaji, dalili hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Baridi ikishaufikia ubongo humwondolea mtu uwezo wa kujua kuwa ameshindwa. Mzee akakataa katakata. Wakamvua vilivyolowa, wakamkausha, wakamfunika mablanketi, wakampa chai yenye sukari nyingi. Aliyezama alipatikana baadaye, na watu wengine.

Kuna hatari nyingine ambayo mzee aliijua na kijana hakuifikiria. Anayepanda juu akiwa na baridi hutoa naitrojeni mwilini polepole zaidi, na ugonjwa wa mbizi humwandama. Thika inaongeza hatari hiyo, kwa sababu jedwali la mbizi la pwani halifai juu ya mita 300 bila kurekebishwa.

Basi uchague vipi? Maji ya nyuzi 24 na zaidi, milimita 3 inakutosha. Kati ya 21 na 24, vaa suti nzima ya milimita 5. Kati ya 15 na 20, ambako kwari na mabwawa yetu mengi huangukia wakati wa gathano, milimita 7 pamoja na boshori la neoprini, glavu na buti. Chini ya hapo tafuta suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa. Na maji yakiwa machafu ni bora uivae hata kama hakuna baridi. Ukienda kusaka, panda ngazi moja zaidi, kwa kuwa hutasogea. Suti ya mitumba iliyo pana shingoni au yenye zipu mbovu iache sokoni, hata iwe nene kiasi gani, kwani kila ukigeuka inaingiza maji mapya ya baridi. Na usinakili uzito wa risasi wa pwani: suti nene huelea zaidi, maji baridi yasiyo na chumvi humwelesha mtu kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo ujipime upya ukingoni, palipo na kina kifupi.

Ukitaka kujua joto la chini, mkono usikudanganye. Funga kipimajoto kwenye kamba, kishushe hadi sakafuni, kiache dakika tano, kivute upesi ukisome.

Kwa Kaunti ya Kiambu, makanisa na wahisani wanaovinunulia vikundi vya uokoaji mitungi na mashua: tafadhali nunueni na suti za milimita 7, na maboshori yake, kabla ya masika kujaza kwari tena.