Je, Machozi ya Bwana Yesu Yalikuwa Machozi Kweli?



Katika majira ya baridi, upepo wa uwanda wa Ufipa upenyapo kila nguo, tuliitwa kuzika mtoto katika kijiji kimoja kisicho mbali na Sumbawanga. Mama yake alilia sana. Ndipo mzee mmoja, Mkristo mwenye bidii, akamwambia, "Nyamaza, mama. Bwana Yesu hakulia kama uliavyo wewe. Yeye ni Mungu. Alijua ya kuwa atamfufua Lazaro. Machozi yake yalikuwa ya kuwaonyesha watu tu." Mama yule akajifunika uso kwa nguo yake, akanyamaza. Nasi pia tulinyamaza. Kimya chetu kile kimetusumbua, ndiyo sababu twaandika.

Mzee yule hakujua ya kuwa neno lake ni la kale sana. Katika nyaraka za Yohana twaona tayari watu waliokana ya kuwa Yesu Kristo amekuja katika mwili, naye awaita wapinga Kristo (1 Yoh. 4:2-3, 2 Yoh. 7). Wenye mafundisho ya namna hii waliitwa baadaye Wadoketi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuonekana. Maana walisema ya kuwa Bwana alionekana tu kama mtu. Wengi wao hawakukusudia kumdharau, bali kumheshimu! Waliona haya kwamba Mungu anyonye maziwa, achoke, atokwe na damu. Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144, hakustahimili hata habari za kuzaliwa kwake. Alifundisha ya kuwa Kristo alitokea duniani pasipo kuzaliwa. Tazameni jinsi heshima isiyo ya kweli ilivyomnyang'anya Bwana hata mama yake.

Ignatius, askofu wa Antiokia, aliwajibu watu hao akiwa amefungwa. Mwanzoni mwa karne ya pili alipelekwa Roma ili atupwe mbele ya wanyama wakali, na njiani aliwaandikia Wakristo wa Smirna, mji uitwao leo Izmir, katika nchi ya Uturuki. Aliwauliza, ikiwa Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, minyororo yake yeye ilikuwa na maana gani? Meno ya simba hayaumi kwa kuonekana tu.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma, na mabaki ya tanuru zao ndefu za udongo yamebaki katika nchi yetu. Aliyeona chuma kikitolewa motoni ajua: moto umekienea chote, wala hakikuacha kuwa chuma. Mababa wa Kanisa nao waliutumia mfano huu. Haufiki mwisho, kwa kuwa chuma hupoa, bali Mwana wa Mungu hatauvua ubinadamu wake kamwe. Ndivyo mtaguso wa Kalkedonia ulivyokiri mwaka 451, Mungu kweli na mtu kweli, na ndivyo Luther alivyowafundisha watoto katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529.

Lakini turudi kwa hoja ya mzee, maana si hoja ya mpumbavu. Ni kweli, Bwana alijua. Kabla ya kufika Bethania aliwaambia wanafunzi ya kuwa anakwenda kumwamsha rafiki yake (Yoh. 11:11). Alijua, hata hivyo akafadhaika rohoni, akalia. Kujua ufufuo hakukumkausha macho. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini (1 Thes. 4:13). Tena Gregorio wa Nazianzo alifundisha ya kuwa kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakukiponya. Basi, kama hakuyatwaa machozi yetu, machozi ya mama yule yana mponya gani?

Juma lililofuata tulirudi kwake. Tulimwomba msamaha kwa kunyamaza kwetu, tukamsomea sura ile ya 11 yote. Mzee naye alikuwapo, ameshika kofia yake mkononi. Mama akauliza, "Baba Mchungaji, alijua ya kuwa atamfufua, naye akalia?"

Tukajibu, "Ndiyo, mama. Alijua, akalia."

Akalia tena. Safari hii mzee hakumkataza, nasi tukaketi naye karibu na moto hata jua likachwa.