Tafakuri ya leo: Joto la usiku, bei ya mchana

Baadhi yetu hapa Uingereza tuna hita zenye matofali ndani. Zinajazwa joto usiku kwa umeme wa bei nafuu, masaa 7 hivi, na mchana zinalitoa. Ndugu mmoja kapangisha chumba. Kamwambia mpangaji, "Nakutoza kile kile ninacholipa mimi," kisha anapiga hesabu kwa bei ya mchana ambayo ni ghali, eti joto limetumika mchana. Kaniuliza, kuna ubaya?

Hata ungemwambia wazi kwamba unaweka faida, akaridhia, hapa Uingereza hairuhusiwi kumuuzia mpangaji umeme kwa zaidi ya bei unayolipa. Na hivi umempunja. Mita nayo ni mizani, na Surat al-Mutaffifin haiwahusu wauza nafaka tu.

Akanyamaza. "Na ya tangu Novemba, shekhe?"

Piga hesabu umrudishie, kabla ya Iddi.