Damu Yao, Dawa ya Nani?

Swali hili ni la haki, wala si la uganga tu: ikiwa siri ya dawa imepatikana ndani ya damu ya watu fulani, je, waliotengeneza dawa hiyo wana deni kwa watu hao na kwa ndugu zao? Au damu ikiisha kutolewa kwa hiari, imekuwa mali ya yule aliyeipokea, naye hana la kudaiwa? Ajibuye haraka atakosea. Yafaa kwanza kujua mambo yalivyotokea.

I. Mambo yalivyotokea

Kila mtu ana katika damu yake mafuta yaitwayo kolesteroli. Mwili huyahitaji, lakini yakizidi, hujishika ndani ya mishipa kama ukoko ndani ya sufuria, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mshipa wa moyo ukizibika, sehemu ya moyo hukosa damu, na mtu aweza kufa siku hiyohiyo.

Mwili una msafishaji wake, nalo ni ini. Juu ya chembe hai za ini mna vishikio vidogo sana, vinavyoikamata kolesteroli mbaya inapopita na kuiingiza ndani. Lakini mwili hutengeneza pia protini iitwayo PCSK9, ambayo huviharibu vishikio hivyo. Protini hiyo ikizidi, vishikio hupungua, na mafuta hubaki yakizunguka katika damu.

Mwaka 2003 wataalamu wa Paris, pamoja na Nabil Seidah wa Montreal, walionyesha kwamba katika jamaa fulani za Ufaransa kolesteroli hupanda mno kwa kurithiwa, kwa sababu jeni inayoagiza protini hiyo imebadilika. Ndipo Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa mji wa Dallas huko Marekani, walipoligeuza swali: ikiwa protini hii ikizidi huleta ugonjwa, itakuwaje ikipungua?

Wakatafuta katika damu ya wakazi wa Dallas waliokubali kupimwa. Mwaka 2005 wakatangaza kwamba kati ya Wamarekani weusi, wapatao 2 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo imevunjika, na kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa 40 katika 100. Mwaka 2006 ikatoka habari ya kundi lingine, Wamarekani weusi 3,363 waliofuatwa kwa miaka 15. Wale wenye jeni iliyovunjika walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa 88 katika 100. Mwaka 2007 badiliko lilelile likaonekana kwa wanawake wa Zimbabwe. Mmoja wao, aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia, alikuwa karibu hana kolesteroli mbaya, naye alikuwa mzima kabisa.

Kumbe lililoitwa kasoro lilikuwa ngao! Basi wataalamu wakajitahidi kufanya kwa ufundi kile ambacho damu ile ilifanya kwa kuzaliwa. Mwaka 2015 dawa mbili za sindano, alirocumab na evolocumab, zilipata ruhusa huko Marekani. Hizo huikamata protini kabla haijaharibu vishikio. Mwaka 2017 evolocumab ilionekana kupunguza shida za moyo na mishipa kwa 15 katika 100, katika wagonjwa 27,564 waliojaribiwa. Mwaka 2020 Ulaya iliruhusu inclisiran, ambayo huzuia ujumbe wa jeni usifike, na baada ya sindano za mwanzo huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Na mwaka 2022, huko New Zealand, mgonjwa wa kwanza alipewa dawa ya kubadili herufi moja ya jeni hiyo ndani ya ini lake mwenyewe.

II. Bei na shauri

Dawa zile za mwaka 2015 zilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Hata wenye bima, wengi walikataliwa. Miaka ya 2018 na 2019 bei ilishushwa hadi dola 5,850. Fedha hiyo kwa mkulima au mwalimu wa Afrika ni mali ya miaka mingi.

Wakati huohuo kampuni zenyewe zilishtakiana. Amgen ilitaka hataza, yaani haki ya kuwakataza wengine, juu ya kila dawa ya namna ile inayoikamata protini hiyo, Sanofi ikapinga. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwezi wa Mei 2023 waamuzi wote kwa neno moja wakaamua kwamba Amgen ilidai zaidi ya ilivyovumbua. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini katika shauri lote hapakuwa na upande wa wale ambao damu yao ilionyesha njia.

III. Hoja za pande mbili

Mtu atasema: «Mfanya kazi anastahili ujira wake. Damu peke yake haikuwa dawa. Ilihitaji miaka mingi, vyombo vya thamani na fedha nyingi, na majaribio mengine yalishindwa.» Maneno hayo ni kweli. Anayetaka dawa itengenezwe bila ujira, ataka isitengenezwe.

Mwingine ataongeza: «Waliotoa damu hawakupungukiwa. Walitoa kidogo, kwa hiari, nao wangali wana afya yao.» Hilo nalo ni kweli. Tena wenyewe hawakuitengeneza jeni yao, waliirithi tu. Hawawezi kudai kodi juu ya kitu wasichokifanyia kazi.

Lakini tazama desturi ya vijijini. Jioni mama humtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani hutoa bila kudai fedha, wala moto wake haupungui. Yule mama huleta kuni zake, hupuliza, hupika. Chakula ni jasho lake, naye aweza kukiuza sokoni bila kosa. Lakini siku moto wa jirani umezimika, je, aweza kufunga mlango na kusema: «Nenda kanunue»? Kijiji kizima kitamhesabu kuwa mtu asiye na haki. Hakuna aliyeandika deni, na deni lipo.

Ndivyo ilivyo hapa. Ujira wa kazi ni halali; kuufunga mlango si halali. Kilichopokewa bure hakiwezi kuwa chote cha mtu mmoja, hata akikiongezea jasho lake.

Sheria za mataifa zimeona jambo hili nusu tu. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010 yanataka faida itokayo katika mimea na wanyama wa nchi igawanywe na nchi hiyo. Lakini jeni za wanadamu hazimo. Basi mtu akichukua jani la msituni aweza kudaiwa, na akijifunza katika damu ya mwenye msitu hadaiwi!

IV. Deni lalipwaje?

Si kwa kugawa kila kitu bure. Bei kwa nchi maskini iwe tofauti na bei kwa nchi tajiri. Na gharama ikiisha kurudi, wengine waruhusiwe kutengeneza. Tena matokeo ya majaribio yasemwe wazi, mazuri na mabaya. Ile dawa ya kubadili herufi ya jeni ilisimamishwa kuanza kupewa wagonjwa wapya mwaka 2024, baada ya mgonjwa mmoja kuonyesha dalili mbaya katika vipimo vya damu na ini. Nalo lilitangazwa, kama ipasavyo.

Lakini deni haliko ng'ambo peke yake. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Dawa za statini, alizozigundua Akira Endo wa Japani katika ukungu miaka ya 1970, leo hutengenezwa kwa bei ndogo. Nazo pia hushusha kolesteroli. Hata hivyo zahanati nyingi hazina hata kipimo chake. Dawa mpya ikiletwa kesho, itampata nani, ikiwa damu haijapimwa? Wenye kutawala wasiowapa watu wao kilicho rahisi hawana uso wa kuwadai wageni kilicho ghali.

Swali: Je, mtoa damu ni mwenye dawa?
Jibu: Siyo. Lakini hapaswi kuwa wa mwisho kuipata.

Swali: Je, mtengenezaji ana haki ya kupata faida?
Jibu: Anayo, kadiri ya kazi yake, hana haki ya kumsahau aliyempa kaa la moto.