Bajeti ya Minyororo

Jumapili iliyopita tulisoma Marko sura ya 5, habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Mchungaji alikaa sana kwenye nguruwe, na ni haki, maana nguruwe elfu mbili si mchezo. Lakini mimi nilibaki kwenye mstari wa 4. Pale tunaambiwa watu walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Mara nyingi! Nikajiuliza, hiyo minyororo ilitoka wapi? Chuma hakioti makaburini. Kuna fundi aliyeifua, kuna mtu aliyelipa, na ilipokatika kuna mtu aliyelipa tena. Kumbe ule mji ulikuwa na bajeti ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa ya minyororo.

Nawaandikia hivi kwa sababu kwetu pia tulishika kamba.

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu. Ameniruhusu niandike haya. Alianza na pombe, akaongeza bangi, halafu akaanza kusikia sauti zikimwambia kwamba mama anatia sumu kwenye chai. Tulimwombea. Tulifunga siku saba, tukakesha, na sitasema maombi yale yalikuwa bure, maana mama hangeendelea kusimama bila hayo. Lakini usiku aliochukua panga tulimfunga kwa kamba ya ng'ombe, mimi nikiwa nimeshika miguu. Alama ziko mikononi mwake hadi leo. Mimi ni mzee wa kanisa, na hiyo ndiyo huduma ya kwanza niliyompa ndugu yangu katika ugonjwa wake.

Asubuhi tukampeleka hospitali. Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa peke yake, daktari wa akili hakuwepo, na dawa tukaambiwa tununue nje. Kituo cha kurekebisha walevi, kile watu wanaita rihabu, kilitaka elfu hamsini kwa mwezi, miezi mitatu. Tukauza ng'ombe, yule yule mwenye kamba. Halafu tukaitisha mchango. Niseme ukweli bila kumhukumu mtu: tulipata elfu kumi na nane. Miezi minne kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mjomba, na watu wale wale, kwenye kikundi kile kile cha simu, walichanga zaidi ya laki mbili kwa siku tano.

Nilisikia minong'ono. "Si amejitakia? Mimi sionji pombe, kwa nini pesa zangu ziende kwa mlevi?" Wapendwa, hilo si swali la kijinga. Ndilo hilo hilo linaloulizwa tukifika kwenye kodi, ila kwa kodi huulizwa kwa sauti ya juu zaidi.

Yule Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita njia ya majambazi peke yake. Hilo tumehubiriwa sana. Tusichohubiriwa sana ni hesabu yake. Alitoa dinari mbili, kisha akamwachia mwenye nyumba ya wageni deni wazi, kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Hakujua kitakuwa kiasi gani. Ugonjwa wa akili na ulevi viko hivyo. Mtu anatoka, anakaa mwaka, anaanguka tena, anarudishwa. Wanasiasa wetu hawapendi gharama ya namna hiyo. Jengo lina siku ya kukata utepe, dawa ya kila mwezi haina utepe.

Halafu tusidanganyane kwamba tusipolipa hatulipi. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujiua hapa Kenya alikuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria gharama yake: polisi, seli, mwendesha mashtaka, hakimu, ugali wa gerezani. Zote ni kodi, ya mlevi na ya aliyeokoka. Hiyo ilikuwa minyororo, na hatukulalamika kwamba ni ghali. Na serikali hiyo hiyo inachukua ushuru kwenye kila chupa ya bia. Ikiwa inakula pamoja na mnywaji, itasemaje haimjui akianguka?

Takwimu inayotajwa mara kwa mara katika ripoti za afya ya akili nchini ni kwamba serikali imekuwa ikitumia asilimia 0.01 ya fedha za afya kwa kazi hiyo. Ipige hesabu kwa pesa za mfukoni. Katika kila shilingi 10,000 za afya, shilingi moja. Hata kama mwenye hesabu alikosea mara kumi, ni shilingi kumi. Na NACADA, katika uchunguzi wake wa mwaka 2022, ilisema Mkenya 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa za kulevya, sigara ikiwemo. Wahesabu walioketi kwenye benchi lako Jumapili, pamoja na waliobaki nyumbani.

Si kwamba haijulikani. Jopokazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilizunguka likisikiliza watu, na mwaka 2020 likapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi katika hospitali zao, ili si kila mgonjwa apandishwe basi kwenda Mathari, ambako Nairobi imekuwa ikiwapokea tangu mwaka 1910. Sheria ipo. Lakini sheria haichomi sindano.

Tukiacha wengine walipe, tutaishi kwa hofu. Huduma ya methadoni kwa vijana wanaoacha heroini ilianza Mathari mwisho wa mwaka 2014, kisha ikafika Pwani, na kwa sehemu kubwa imetegemea wafadhili wa nje. Mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Ikikosekana, mwili wake haungoji kikao cha bunge. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, ilionekana wazi ni nani alikuwa ameshika kikombe cha watoto wetu.

Sasa niungame. Katiba yetu inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kila mwaka kaunti huitisha vikao vya maoni kuhusu bajeti. Mwaka ule ule wa kamba nilihudhuria. Nilivaa suti. Nikainua mkono nikaomba mita mia nne za barabara hadi lango la kanisa letu, na ndugu zangu wakapiga makofi. Mwingine akaomba josho, mwingine basari. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa wa akili, nami nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Niliona haya. Niliogopa watasema mzee wa kanisa ana pepo kwa boma lake. Kwa hiyo nikilaumu serikali kwa shilingi moja katika elfu kumi, najua sikuiomba hata ya pili.

Mama mmoja wa ushirika wetu aliniuliza, je, mama anayejifungua bila glavu naye? Si atangulie? Hapo ninakwama kidogo, na sitajifanya nina jibu la kumnyamazisha. Ningekuwa mimi ninayegawa, pengine naye angetangulia. Lakini kupanga foleni ni jambo moja, na kumsahau mtu nje ya foleni ni jambo lingine.

Wale watu wa Wagerasi walimwona mtu wao ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na wakamwomba Yesu aondoke. Hesabu ya nguruwe walikuwa nayo. Hesabu ya minyororo iliyookolewa siku ile, sioni mahali ilipoandikwa.

Kikao cha bajeti cha wadi yetu kitatangazwa hapa kanisani kama kawaida. Nimeandika karatasi moja yenye maombi matatu: dawa za akili zisikose kwenye hospitali yetu, muuguzi wa pili, na vitanda vya waathiriwa wa pombe ndani ya wodi iliyopo, bila jengo jipya. Anayetaka kutia sahihi anione baada ya ibada. Mdogo wangu amesema atakuja kuisoma mwenyewe, mradi siku hiyo isiwe ya kliniki.