Haki Haiombwi kama Sadaka

Mfikirie kijana asiyeona, mkazi wa Bondeni mjini Nakuru, aliyemaliza masomo ya sekondari na sasa ataka kuingia chuoni. Siku hizi maombi ya nafasi katika vyuo vya umma hupelekwa kwa tovuti. Simu yake ina programu imsomeayo maandishi kwa sauti. Lakini tangazo la karo likiwekwa kama picha tupu, sauti hunyamaza. Na kisanduku cha fomu kisipokuwa na jina, hajui aandike nini. Amefika mlangoni, na mlango umefungwa.

Wako wasemao, "Jirani atamsomea." Jirani mwema ni neema. Lakini je, ni adili mtu amkabidhi mwingine neno lake la siri na mambo yake yote, kwa kuwa chuo hakikuambatisha maneno machache kwenye picha? Louis Braille wa Ufaransa alipobuni maandishi ya nukta mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, hakuwapa wasioona macho. Aliwapa uwezo wa kujisomea wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu na habari. Sadaka hungoja huruma ya mtoaji, haki haingoji.

Basi wewe utakayekuwa kesho fundi wa tovuti au mkuu wa chuo, kabla hujaufungua mlango wako, uliza kwanza ni nani atakayebaki nje.